Mauti Aliyechoka: Namna ya Kutazama Filimu Isiyo na Sauti

Yafaa tuulizane: filimu ya kale isiyo na sauti, tena ya hadithi ya kubuni, yaweza kumfaa nini mseminari au katekista? Baba Mtakatifu Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alitaka watazamaji wafundishwe kupambanua wanayoyaona katika sinema. Basi tujifunze kwa filimu moja: Der müde Tod, maana yake Mauti Aliyechoka. Fritz Lang aliitengeneza katika nchi ya Wadachi mwaka 1921, miaka mitatu baada ya vita kuu kwisha, watu walipokuwa wangali wakiwalilia wafu wao.

Mauti, kwa sura ya msafiri mrefu, anapata shamba kando ya makaburi na kulizungushia ukuta usio na mlango. Kisha anamchukua kijana mmoja. Mchumba wake anamfuata ndani ya ukuta, na humo anaona mishumaa mingi: kila mshumaa ni uhai wa mtu. Mfano huo Lang hakuubuni. Umo katika hadithi za mapokeo ambazo ndugu Grimm walianza kuzichapisha mwaka 1812.

Tuangalie vema: Mauti huyu si shetani wala si mungu. Ni mtumishi anayetii amri ya Mungu, naye amechoka kuchukiwa na watu. Anamwonyesha msichana mishumaa mitatu inayokaribia kuzimika. Akiokoa hata mmoja, atarudishiwa mchumba wake. Tunapelekwa nchi ya Waislamu, kisha Venezia, kisha China. Mara tatu msichana anashindwa.

Mwisho anapewa saa moja alete uhai wa mtu mwingine badala yake. Anawaomba wazee waliozoea kulalamika kwamba maisha yamewachosha, wote wanakataa. Ghafla nyumba inashika moto, na mtoto mchanga amesahauliwa ndani. Msichana anaingia, anamwinua mtoto, na Mauti amesimama pale, amenyosha mikono ampokee. Lakini yeye anamteremsha mtoto dirishani kwa mama yake, naye anabaki motoni.

Hapo ndipo lilipo neno la filimu nzima: hatuna ruhusa kununua furaha yetu kwa uhai wa mwenzetu. Nalo linasemwa kwa mikono, si kwa kinywa. Kwa hiyo anayetazama filimu ya namna hii asingoje maneno tu. Asome maandishi machache yanayotokea, kisha atazame nyuso, mikono, mwanga na kivuli. Ukuta ule unajaza kitambaa chote, na mtu mbele yake anaonekana mdogo sana. Wafu wanaupenya kwa sababu picha mbili zimepigwa moja juu ya nyingine. Hila ndogo, lakini inatufanya tuone kisichoonekana.

Hata hivyo hadithi si katekisimu. Msichana anafika kwa Mauti kwa kupeleka sumu mdomoni, jambo tusiloweza kulisifu. Tena filimu inawaonyesha wachumba wakipanda kilima pamoja baada ya kufa, bila kutaja ufufuko wa Kristu. Huo ni juu yetu kuutangaza.

Katekista akipata nafasi ya kuionyesha, aisimamishe kidogo pale penye moto, awaulize watu: Ninyi mngempa nani mtoto huyu? Kisha awaache wajibu kwanza.