Vijana wa Mwenge na winchi isiyokunywa petroli

Wiki hii tuwaache masista du wapumzike kidogo, na zile habari za nani kaonekana na nani Kinondoni tutazirudia siku nyingine. Leo nakupeleka Mwenge, lakini siyo kwenye maduka ya nguo wala kule kwenye vinyago ambako watalii wanapiga picha. Twende nyuma kidogo, kwa mafundi, ukakione kidude kimoja cha chuma ambacho kinaingia kwenye begi la shule, hakina injini, hakitaki umeme wala petroli, na bado kinavuta mzigo ambao masela wanne wenye vifua vya kunyanyulia vyuma wameushindwa.

Ni winchi ya mkono. Wengine wanaiita jeki ya kuvutia, wengine wanasema tu "kile cha kukazia waya", na mimi sigombani na mtu kwa sababu ya jina. Ina mpini, ina gurudumu la meno, ina waya mnene wa chuma unaojiviringisha, na ndoano mbili, moja huku na moja kule. Ndoano ya kwanza unaifunga kwenye kitu kisichotingishika, kama mti au nguzo iliyosimikwa sawasawa. Ya pili unaifunga kwenye kile unachotaka kije. Halafu unapiga mpini, kwenda na kurudi. Ka! Ka! Ka! Kila mlio ni jino moja limepita.

Sasa hapo kwenye jino ndipo penye utamu. Kuna kidole cha chuma kinachoangukia nyuma ya lile jino na kulizuia lisirudi. Ukichoka unaacha, unakunywa maji, unajibu simu ya mtoto wa watu, mzigo unakusubiri palepale ulipouacha. Watu wanne wakivuta waya kwa mikono mitupu, mmoja akipiga chafya tu, wote wanarudi mwanzo.

Unajiuliza, yote hayo yanamhusu nini kijana wa mjini? Yanamhusu kwa sababu ya mshiko, mtu wangu. Goba, Madale, Bunju, kote huko watu wamenunua viwanja, na mtu wa Dar akishapata kiwanja jambo la kwanza ni kukizungushia, kabla jirani hajapata ndoto ya kusogeza mpaka usiku. Wenye nazo wanapandisha ukuta wa matofali. Sisi wengine ni nguzo na seng'enge. Na anayeikaza hiyo seng'enge mara nyingi ni kijana aliyeokotwa kijiweni asubuhi, tumbo lina chai ya rangi na andazi moja.

Nilikaa siku mbili na jamaa mmoja wa kazi hiyo, rika langu tu, anayeshinda kwenye kijiwe jirani na Barabara ya Sam Nujoma. Alichonifundisha haraka ni kwamba kijiweni kuna matabaka mawili. Kuna wenye misuli na kuna mwenye winchi. Tajiri akishusha kioo cha gari, anayekwenda kuongea naye ni mwenye winchi. Yeye ndiye anayekadiria mita, anayetaja bei ya kazi nzima, anayepokea kianzio. Wenye misuli wanasubiri pembeni kuambiwa watapata kiasi gani kwa siku. Jua ni lilelile na jasho ni lilelile, lakini mfuko wa mmoja una noti na wa mwingine una sarafu za nauli.

Na huyu jamaa yangu yuko katikati. Winchi anayoitumia siyo yake, ni ya mzee mmoja fundi magari ambaye anamwazima kwa masharti: nusu ya faida inarudi kwa mzee. Nilipomuuliza kama haoni ananyonywa, akanicheka. "Bila hiki chuma mimi ni kibarua tu kaka. Kwa hiyo ile nusu inayobaki siyo ya mzee, ni yangu." Nilikuwa nimeandaa hotuba yangu ya wanyonge, nikaimeza.

Ngoja nikueleze wasio na winchi wanafanyaje, maana wengi mmewaona na hamkuangalia vizuri. Wanachukua mtaimbo, wanauviringishia seng'enge mara mbili tatu, wanauegemeza kwenye nguzo na kuulalia kwa kifua huku mwenzao akikimbizana kupiga msumari wa kuushika waya. Mara nyingine inakubali. Mara nyingine mtaimbo unachomoka, na seng'enge yenye miiba inarudi kama nyoka aliyekanyagwa. Yule jamaa alinionyesha kovu kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko. Alikuwa anavaa mikono mirefu akienda disko, ili mabinti wasimuulize.

Na baada ya shida yote hiyo waya unakaa wiki mbili, unalegea, mbuzi wa jirani anapita bila kuinama. Mwenye kiwanja anakuja, anauminya kwa vidole viwili, anasema pesa iliyobaki hatoi. Hapo ndipo ugomvi wa vijiweni unapoanzia. Nani alaumiwe?

Turudi kwenye kile chuma. Fomu two tulikariri mambo ya egemeo, jitihada na mzigo kwa Kiingereza, tukayaandika kwenye mtihani, tukayasahau getini. Yule mzee fundi alinieleza kwa Kiswahili kwa dakika tano, amekaa juu ya tairi. "Mdogo wangu, pima mpini. Halafu pima kile kinachoviringisha waya." Chukua mfano wa winchi yenye mpini wa sentimita 40, na kile kigogo cha kuviringishia kina sentimita 2 tu kuanzia katikati hadi ukingoni. Arobaini gawanya kwa mbili ni 20. Maana yake ukisukuma kwa nguvu ya kilo 15, ambayo hata dada yako anayo, kwenye waya inatoka nguvu ya kilo 300, toa kidogo inayoliwa na msuguano. Bure hakuna, lakini. Mkono wako unakwenda safari ndefu, mzigo unasogea kidogo kidogo. Unalipa kwa mwendo badala ya kulipa kwa mgongo.

Watu wa pwani walishaijua hesabu hii kabla shule hazijaja. Nahodha wa jahazi anapandisha tanga kwa kamba inayopita kwenye roda, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni fizikia.

Ndugu yake winchi, anayeonekana zaidi gereji, ni chenbloku. Hii inaning'inia kwenye miguu mitatu ya mabomba na kazi yake ni kunyanyua. Unavuta mnyororo mwembamba mita na mita, na ule mnene unapandisha injini sentimita chache. Ukiachia, injini haishuki, inabaki inaning'inia kama kinyonga. Wachongaji nao wanazo sababu za kuipenda. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Gogo la urefu wa mita moja na upana wa sentimita 30 halipungui kilo 80, na mchongaji analigeuza mara nyingi kabla halijawa sanamu. Mgongo wa binadamu haukuumbwa kwa biashara hiyo.

Kuna na kaka yao mkubwa, ile jeki ndefu ya chuma yenye matundu ambayo inafungwa mbele au nyuma ya landrova za safari. Hiyo ilianza Marekani mwaka 1905, kwenye mji wa Bloomfield jimbo la Indiana, na walioipenda kwanza ni wakulima, kwa sababu ilikuwa inang'oa nguzo, inakaza waya wa uzio na kunyanyua mkokoteni, yote kwa mkono mmoja. Bado inatengenezwa kwa jina la Hi-Lift. Ina uzito wa kama kilo 13 na inanyanyua zaidi ya tani 2. Na sikia hii: Wakenya wa magari ya porini wameizoea kwa jina la "Tanganyika jack". Nchi ilibadili jina mwaka 1964, jeki imekataa. Kwa nini isiwe Kenya jack? Mimi najisikia raha tu.

Hao hao Wakenya wana mashindano yanaitwa Rhino Charge, yalianza mwaka 1989. Magari yanapita porini pasipo na barabara, kwenye makorongo na mawe, na anayeshinda ni yule aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wote, siyo kwa mbio. Ukikwama humo ni jeki na winchi. Lakini kilichonifurahisha ni pesa zinakokwenda: zilichangia kujenga uzio wa umeme kuzunguka milima ya Aberdare, kama kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Kwa hiyo watu wanavutana na mawe kwa waya ili tembo na shamba la mahindi vitenganishwe kwa waya. Dili limezunguka likarudi palepale.

Sasa msomaji, kabla hujavunja kibubu ukakimbilia Kariakoo kununua winchi, nisikilize vizuri, maana hapa hakuna utani. Waya uliokazwa una hasira. Ukikatika hauanguki chini, unachapa, na unamchapa aliyesimama kwenye mstari wake. Mafundi wenye akili wanatupia gunia zito au koti katikati ya waya, ili ukikatika uzito ule uushushe chini. Na wanasimama pembeni. Waya wote usitoke kwenye kigogo chake, bakiza angalau mizunguko mitatu.

Mpini ukiwa mgumu, usitafute bomba la kuurefusha. Ugumu ule ni taarifa. Kuna mashine za kuvutia, zile za aina ya Tirfor, zina pini ndogo zinazokatika makusudi ukizidisha mzigo, bora ikatike pini kuliko waya. Anayetoa pini akaweka msumari, mwache afanye kazi peke yake. Ile Tanganyika jack yenyewe ina tabia mbaya wakati wa kushusha: ukiuachia mpini unaruka juu wenyewe, na kidevu chako kiko karibu. Halafu winchi nyingi za bei poa ni za kuvuta, siyo za kuning'iniza. Ukitaka kunyanyua, tafuta chenbloku, na usipite chini ya mzigo hata kama umeangusha simu.

Dukani usidanganywe na rangi. Kuna vidude vimeandikwa tani 4 na ukivishika unahisi ni mwanasesere. Piga mpini polepole usikilize. Vidole viwili vinatakiwa vipokezane, kimoja kinashika wakati mwenzake anavuta. Kikiteleza hata mara moja, rudisha. Angalia ndoano kama ina kile kilimi cha kuzuia kamba isichomoke. Angalia waya kama una nyuzi zilizokatika, zinazochoma kidole.

Na kwa wale wenye kazi ya uzio tayari, mzee fundi alinipa mambo mawili bure, na mimi nawapa bure. La kwanza, uzio mwingi haulegei kwa sababu ya waya. Nguzo ya kona ndiyo inayoinama. Kona inabeba mvuto wote, kwa hiyo ipewe nguzo ya kuegemea, imelazwa mshazari, miguu imezikwa vizuri. Winchi kali kwenye kona dhaifu inaleta kona chini, basi. La pili ni jua. Chuma kinarefuka kikipata joto. Waya wa mita 100 ukiongezewa nyuzi joto 20 unarefuka kama sentimita 2 na nusu. Anayeukaza asubuhi na mapema kwa ubaridi akaridhika, saa nane mchana anauona umelegea, anadhani kaibiwa. Anayeukaza hadi mwisho saa nane, usiku waya unajivuta, unatafuta pa kukatikia. Acha nafasi kidogo, alisema mzee, usiukaze kama gita.

Yule jamaa yangu ameshaanza kuweka akiba ya winchi yake mwenyewe, kwenye simu, ambako mama yake mdogo haoni. Mzee anajua na hajakasirika. Amemwambia hata duka la kwenda na siku ya kwenda, kwamba asiende mwisho wa mwezi bei zinapokuwa zimechangamka. Kwa sasa ana kiwanja cha kuzungushia Madale, mita 120 mistari mitano, na anatafuta mtu mmoja wa kushirikiana naye. Sharti lake ni moja: awe na viatu. Mwenye ndala asijisumbue.