Bei ya kuwaigiza wakubwa wa Nazi

Filamu ya Valkyrie (2008), kuhusu jaribio la Julai 1944 la kumuua Hitler kwa bomu, iligharimu takriban dola milioni 75. Miaka minne kabla yake Wajerumani walikuwa wametoa Der Untergang, inayosimulia siku za mwisho za Hitler huyo huyo ndani ya handaki la Berlin. Hiyo ilitengenezwa kwa yuro milioni 13.5. Mpenzi wa sinema ukimwuliza leo ni nani aliyemwigiza Hitler vizuri kuliko wote, kuna uwezekano mkubwa atakutajia Bruno Ganz wa filamu ya bei ndogo. David Bamber, Hitler wa Valkyrie, wachache wanalikumbuka hata jina lake.

Fedha za Valkyrie hazihitaji kutafutwa sana, zinaonekana kwenye skrini: Tom Cruise, ndege zinazoshambulia jangwani, misafara ya magari ya kijeshi. Der Untergang nayo ina vita, na mitaa ya St. Petersburg ilitumika kama Berlin iliyobomolewa. Lakini sehemu kubwa ya dakika zake 156 inapita kwenye vyumba finyu vilivyojengwa ndani ya studio mjini Munich. Ganz alijiandaa kwa kusikiliza mkanda wa takriban dakika 11, uliorekodiwa kwa siri Finland mwaka 1942, ambamo Hitler anaongea kwa sauti ya kawaida bila kufoka jukwaani. Sauti hiyo, mkono unaotetemeka na mgongo uliopinda ndivyo vilivyoibeba filamu, na hakuna hata kimoja kilichohitaji kifaru.

Tuje kwenye mapato. Kwa kawaida kumbi za sinema hubaki na karibu nusu ya pesa za tiketi, hivyo filamu isiyovuna walau mara mbili ya gharama yake, bado matangazo, iko mashakani. Valkyrie ilivuna takriban dola milioni 200 duniani, yaani chini ya mara tatu. Der Untergang ilivuna takriban dola milioni 92, zaidi ya mara tano. Jojo Rabbit (2019), ambamo mwongozaji Taika Waititi mwenyewe anacheza Hitler wa kufikirika kichwani mwa mtoto, iligharimu milioni 14 na kurudisha takriban 90. Schindler's List (1993) ilitumia 22 na kupita 320.

Filamu ya Inglourious Basterds inaelekea kuniharibia hesabu hii ya kwamba bei ndogo ndiyo hulipa: dola milioni 70 zilizoingiza takriban 321. Ila Hitler wa humo ni kichekesho cha dakika chache. Aliyeondoka na Oscar ni Christoph Waltz, aliyecheza afisa wa kubuni wa SS, kikosi cha Nazi, na tunakutana naye akiwa ameketi mezani kwa mkulima wa Kifaransa, anakunywa maziwa na kuuliza maswali kwa upole.

Meza ndiyo inayonipeleka Wannsee. Tarehe 20 Januari 1942, wanaume 15 walikutana kwenye jumba la kifahari pembezoni mwa Berlin chini ya uenyekiti wa Reinhard Heydrich, kiongozi wa SS, kupanga mauaji ya Wayahudi. Zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada za udaktari. Walizungumza kwa takriban saa moja na nusu, wakapata na chakula. Muhtasari wa kikao una kurasa 15, na ndani yake mna orodha ya Wayahudi wa Ulaya, nchi kwa nchi, jumla zaidi ya milioni 11. Nakala zilikuwa 30. Iliyopatikana mwaka 1947 ni ile ya 16.

Filamu ya televisheni Conspiracy (2001) inakaa na kikao hicho kwa dakika 96. Kenneth Branagh, aliyepata Emmy kwa kumwigiza Heydrich, hapandishi sauti. Anatabasamu, anabembeleza, halafu anamchukua pembeni mjumbe anayesitasita. Wajumbe wanabishana kuhusu maneno ya sheria ya ndoa huku maisha ya mamilioni yakiamuliwa. Kwa maoni yangu hakuna kundi la maelfu wanaopiga saluti linaloeleza jinsi utawala ule ulivyofanya kazi vizuri zaidi kuliko ubishi huu wa maofisa. Wengi wao hawakuua kwa mikono yao. Waligawana majukumu, treni na mamlaka.

The Zone of Interest (2023) ilibana zaidi. Kwa takriban dola milioni 15 inatuonyesha nyumba na bustani ya Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, ikirekodiwa kwa kamera zilizofichwa ili waigizaji waishi tu. Watu takriban milioni 1.1 waliuawa Auschwitz, na filamu haituonyeshi hata mmoja wao akiuawa. Tunasikia tu, ng'ambo ya ukuta. Ilipata Oscar mbili, moja ikiwa ya sauti.

Ukiwa na jioni moja tu, anza na Conspiracy. Wajerumani wenyewe wamekiigiza kikao cha Wannsee mara mbili kwa ajili ya televisheni, mwaka 1984 na tena 2022. Ile ya 1984 ina urefu unaokaribia ule wa mkutano wenyewe.