Pelusi ya Lubumbashi mu mwezi wa saba: haijakufa, imelala

Bandugu, kila mwaka kuanzia mwezi wa sita ulizo ni ile ile. Mtu ananionyesha parseli yake, majani yote yamegeuka rangi ya karatasi ya kaki, anasema: "Wewe njo ulisoma agronomi. Pelusi yangu imekufa, nifanye nini?" Jibu fupi: usifanye kitu. Jibu refu ni hili hapa chini, juu mu mji wetu watu wengi wanaharibu pelusi yao mu miezi ya baridi, kisha mvua ikirudi wanalipa tena mtu wa kuja kuipanda.

Pelusi karibu zote za kwetu ni za majani ya joto. Yanatengeneza chakula chao kwa njia ile tunaita C4 mu fakilte, sawa na mahindi na miwa. Ni njia nzuri sana jua likiwa kali: majani hayo yanakua kwa nguvu kati ya digri 27 na 35. Chini ya 15 yanachelewa, na karibu na 10 yanasimama kabisa. Sasa angalia Lubumbashi. Tuko juu ya mita 1,200. Mu mwezi wa sita na wa saba, usiku unaweza kushuka chini ya digri 10, na mvua nayo ilishakatika toka mwezi wa ine. Baridi na ukavu vinakuja pamoja. Hakuna mtu anapanda mahindi mu mwezi wa saba bila kumwagilia, kisha anashangaa hayaoti. Basi pelusi ni ya jamaa moja na mahindi, na yenyewe inajua kalenda.

Kinachotokea ni hivi: majani ya juu yanaachwa yakauke, na chakula kinabaki chini, mu mizizi na mu mashina yale yanatambaa ndani ya udongo, tunaita rizoma. Hapo njo uzima wake uko. Kama unataka kuhakikisha, chimbua kipande kidogo kwa kisu, angalia shina pale linapoingia ardhini. Likiwa jeupe na gumu, lina uzima. Likiwa la kahawia na linavunjika kama kijiti kikavu, fasi hiyo kweli imekufa. Uko bado na mashaka? Tia hicho kipande mu kopo, weka fasi ya joto ndani ya nyumba, mwagilia kwa majuma mawili ao matatu. Kikitoa majani mabichi, umejibiwa.

Tufanye hesabu ya mayi, juu hapo njo watu wanateseka bure. Pelusi inayokua inahitaji karibu milimita 25 kwa juma. Milimita moja ni litre moja kwa kila meta mraba. Pelusi ya meta 10 kwa 10 inahitaji basi litre 2,500, ni kusema bido 125 za litre 20. Kila juma! Mu kartie ambamo mayi inatoka saa nane za usiku, ao inatoka kwa jirani tu na watoto wanapanga bido toka asubuhi, hiyo hesabu inatosha kumaliza mazungumzo. Na hata ukiimwaga yote, baridi ya usiku bado itaizuia kukua.

Wale wanaomwaga kidogo-kidogo kila mangaribi wanajidanganya zaidi. Mayi inalowesha vidole viwili vya udongo wa juu, jua la kesho linaichukua, mizizi inabaki juu-juu, na wanaofaidika ni magugu. Pelusi iliyopandwa mvua hii iliyopita, ambayo haijashuka mizizi vizuri, hiyo ndiyo unaweza kuisaidia: litre 10 kwa meta mraba, mara moja kila majuma matatu ao mane, kwa siku moja, iingie chini. Ile ya zamani, iache.

Sasa nifike kwa jambo linaloniuma. Kuna watu wakiona majani makavu wanaita kijana na jembe: "Kwangua yote, nyoka asijifiche." Ninaelewa. Mama zetu walitulea mu parseli zilizofagiwa mpaka udongo unang'aa, na kwao majani mbele ya nyumba ni alama ya uvivu. Lakini hapa tuko mu mji wa shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa mu 1911, na vumbi letu si vumbi tu. Uchunguzi wa watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa Leuven, uliotoka mu 2009, ulikuta kobalti nyingi mu mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Uchunguzi mwingine ulioufuata ulionyesha kwamba kwa watoto, vumbi ni njia moja kubwa: mtoto anacheza chini, anaweka mkono mu kinywa. Sisemi pelusi ni dawa ya kobalti. Nasema udongo uliofunikwa na mizizi, hata kama majani yake ni makavu na mabaya kwa macho, hautoi vumbi kama udongo ulio uchi mu upepo wa mwezi wa nane. Na mvua kubwa ya kwanza ikipiga udongo uliokwanguliwa, inaubeba mpaka mu barabara.

Tena kuna kitu ambacho wengi hawajui: watafiti wa agronomi wa UNILU walitoa mu 2010 matokeo ya kujaribu majani matatu ya kwetu juu ya udongo wenye shaba nyingi, wakaongeza chokaa na mboleo ya asili. Moja kati ya hayo matatu ni Cynodon dactylon. Ndiyo, ile ile tunang'oa mu bustani tukiilaani.

Kuchoma moto? Mizizi ya Cynodon inaweza kupona, lakini parseli inabaki uchi kama iliyokwanguliwa, na moto haujui mpaka wa jirani.

Kazi ya kweli ya pelusi iko mu mvua. Kwanza ujue uko na nini. Kama kichwa cha mbegu kina matawi mawili kama herufi V, hiyo ni paspalum. Ikate kwa sentimeta 7 ao 8. Kikiwa na vidole vitatu mpaka saba vilivyofunguka kama mkono, ni Cynodon. Yenyewe inavumilia sentimeta 3 ao 4. Jani likiwa pana, nene, na ncha ya duara, ni Stenotaphrum. Sentimeta 7, na uiangalie sana, juu yenyewe haina rizoma, mashina yake yote yako juu ya udongo. Ukiikwangua, umeimaliza. Parseli nyingi ziko na mchanganyiko. Fuata ile iliyo nyingi.

Kisha sheria moja: usikate zaidi ya theluthi ya urefu. Unataka sentimeta 6, kata ikifika 9. Mu mwezi wa kwanza, hiyo ni kila juma ao siku kumi. Desturi yetu ni kumwita mtu wa kupekupe mara moja kwa mwezi, majani yakiwa magotini, naye ananyoa mpaka chini ili pesa yako ionekane. Pelusi inageuka njano, magugu yanapata jua, na unasema udongo ni mbaya. Kupekupe haina kosa, ikichongwa kwa tupa na mwenye kuishika anajua kuilaza. Afadhali umpe huyo kijana kazi ndogo mara tatu kuliko kunyoa mara moja. Majani mafupi yaliyokatwa yaache pale pale, yanarudisha azoti mu udongo.

Mboleo: urea ina azoti 46 kwa mia, kwa hiyo kilo moja kwa meta mraba 100 inatosha kwa mara moja. Weka mu mwezi wa kumi na mbili, rudia mu mwezi wa pili, basi. Mwaga majani yakiwa makavu, na mayi ama mvua ifuate siku ile ile, sivyo itayaunguza. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi isikudanganye: inaanguka, kunakuwa kijani kidogo, kisha inaweza kukatika majuma mawili. Ngojea ikae vizuri. Na anayetia urea mu mwezi wa nane "ili kuiamsha" anatupa pesa.

Chini ya muembe mkubwa usipigane. Shida pale si mayi wala mboleo, ni mwanga; Cynodon na paspalum zinataka jua. Jaribu Stenotaphrum, inavumilia kivuli, ao acha majani ya muembe yafunike udongo yenyewe.

Fasi zilizokufa kweli, panda vipande vyenye mizizi, sentimeta 25 kati ya kimoja na kingine, vipande 16 kwa meta mraba, mvua ikishakaa: mwezi wa kumi na mbili ao wa kwanza. Ukiwa umechelewa mpaka mwezi wa tatu, weka pesa yako mu mfuko. Mizizi haitakuwa imeshuka wakati baridi itafika, na utarudi kuniuliza ile ulizo ya mwezi wa saba, safari hii nami nitakujibu kwamba kweli imekufa.