Kalamu ya Mpingo Mbele ya Kamera

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa. Basi fundi wa kambini achongaye kalamu za mbao, akitaka mnunuzi wa Lilongwe, umbali wa zaidi ya kilomita 40, hana budi kutanguliza picha.

Mpingo una inda: weusi wake humeza nuru, na ukisuguliwa hung'aa kama kioo. Kwa hiyo taa ya kamera izimwe. Kalamu ifutwe alama za vidole, ilazwe mshazari juu ya kitambaa cha kijivu, karibu na mlango usioingiza jua kali; upande wa pili isimamishwe karatasi nyeupe, irudishe mwanga kivulini. Ufa, ukiwapo, nao upigwe picha, kwani mnunuzi atauona aishikapo.