Nguzo ya Malindi na Upepo wa Kusi

Aghalabu wageni huizuru Nguzo ya Vasco da Gama mjini Malindi msimu wa kaskazi, bahari inapokuwa shwari. Kwa maoni yangu, kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, hufaa zaidi. Wakati huo kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huupiga mwamba inaposimama nguzo hiyo ya matumbawe. Hapo ndipo historia yake inapoeleweka.

Upepo huo ndio uliomvusha da Gama. Aling'oa nanga Malindi Aprili 24, 1498, kusi ikianza, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Baada ya siku 23 hivi aliiona India. Kurudi hakungoja kaskazi. Aliondoka mapema Oktoba, majira ya pepo kugeuka, ambayo Waswahili huyaita tangambili (jina lenyewe ni onyo tosha!), akafika Malindi Januari 1499. Karibu miezi mitatu baharini, na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye.

Msalaba ulio juu ya nguzo ni wa jiwe kutoka Lisbon, wenye nembo ya Ureno. Rubani hakuwekewa alama yoyote pale.