Duka la Dawa Muhimu: Kazi Yake na Mpaka Wake

Mwanachama aishiye mbali na zahanati, mtoto wake apatwapo na homa, mara nyingi hukimbilia duka la dawa lililo karibu. Yafaa basi kila mwanachama afahamu duka hilo laweza kumsaidia kwa kiasi gani, na msaada huo hukoma wapi.

Hapo awali vijiji vingi vya Tanzania Bara vilitegemea maduka ya dawa baridi, ambayo yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzishwa mkoani Ruvuma, na baadaye ukaenea katika mikoa mingine. Chini ya mpango huo duka hupewa kibali na kukaguliwa, mtoa dawa hufundishwa, na baadhi ya dawa za malaria na za kuua vijidudu huruhusiwa kuuzwa.

Faida yake ni dhahiri. Mtoto anayeharisha hupatiwa chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki. Mgonjwa aliyepimwa na kuonekana ana malaria hupatiwa dawa ya mseto, ambayo humezwa mara 2 kwa siku kwa siku 3. Anayenunua nusu dozi kwa kuwa fedha za mazao hazijalipwa, au anayeacha dawa kwa kuwa homa imeshuka, hajatibiwa.

Hata hivyo, duka si zahanati. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, asicheleweshwe dukani, bali apelekwe kituo cha afya mara moja. Vivyo hivyo mama mjamzito anayetokwa na damu. Aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi naye aende akapimwe kifua kikuu.

Mnunuzi pia ana wajibu. Amweleze mtoa dawa dalili zote, umri wa mgonjwa, dawa alizokwisha kumeza, na kama ana mimba. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Makatibu wa vyama vya msingi wanaombwa kuyasoma maelezo haya mbele ya mkutano wa wanachama, na kuzibandika dalili za hatari kwenye ubao wa matangazo. Ubao huo husomwa na wengi siku za kupima mazao, na huenda ukaokoa maisha ya mtoto.