Bastola hununuliwa mara moja, risasi kila mwaka

Kambi ya Kamina ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Novemba 1964 askari wao wa miavuli walipitia hapo kabla ya kurushwa Stanleyville, Kisangani ya leo. Siku hizi ni kituo kikubwa cha mafunzo cha jeshi la Kongo, FARDC, na makuruta wanaopelekwa mashariki hufunzwa hapo. Hesabu ya kuwapa silaha hufanywa Kinshasa, lakini mzigo wake huangukia kwenye maghala ya kambi kama hii, kwa sababu wafadhili mbalimbali walioisaidia nchi tangu uhuru walileta silaha za kwao na risasi za kwao.

Bastola ndiyo mfano ulio wazi kuliko zote. Kutoka Ubelgiji ilikuja Browning GP35, iliyoanza kubuniwa na John Browning na kukamilishwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha FN, Herstal: magazini ya risasi 13, na risasi ya 9x19 inayoitwa Parabellum. Nchi za kambi ya Mashariki zilikuwa na Tokarev inayokula 7.62x25, na Makarov inayokula 9x18. Mtunza ghala akiandika daftarini "9 mm" tu, ameshaharibu kazi. Ganda la Parabellum lina urefu wa milimita 19, la Makarov 18. Kichwa cha Makarov ni kinene zaidi kwa takriban robo ya milimita. Ukizilaza mbili hizo kiganjani unaweza kudhani ni ndugu, lakini hazibadilishani. Anayejua kazi yake huigeuza risasi na kusoma kitako chake, palipogongwa muhuri wa kiwanda na mara nyingi mwaka, ndipo aandike.

Mwaka 2016 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba maofisa wa FARDC, pamoja na polisi wa Kongo waliokuwa wakilinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikuwa na bastola zilizotengenezwa Korea Kaskazini. Azimio 1874 la 2009 lilikuwa limeshapiga marufuku nchi hiyo kuuza silaha nje. Wengi walilisoma jambo hilo kama kashfa ya kidiplomasia, na kweli ilikuwa kashfa. Mimi nalitazama pia kama ununuzi mbaya: bastola ya muuzaji asiyeruhusiwa kuuza haina vipuri vya kuagiza kihalali, wala fundi wa kumwita springi zikichoka.

Wanaonunua kwa utaratibu hufanya vingine. Januari 2013 Uingereza iliiweka kando Browning yake na kuagiza Glock 17 zaidi ya 25,000 pamoja na mikoba yake, kwa pauni milioni 9. Ukigawa, ni kama pauni 360 kwa kila bastola na mkoba wake. Bastola ilibadilika, risasi ikabaki ile ile ya 9x19, hivyo akiba yote ya ghalani iliendelea kutumika. Marekani ilipoichagua Sig Sauer Januari 2017, mkataba wenye kikomo cha dola milioni 580 ulijumuisha bastola, risasi na vifaa vyake kwa pamoja.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Tuseme maofisa 1,000, kila mmoja apige risasi 200 za mazoezi kwa mwaka. Bastola iliyotunzwa inaweza kuhudumu miaka 15. Hizo ni risasi milioni 3; kwa gramu 12 hivi kwa kila moja, ni tani 36 za kusafirisha, kuhifadhi na kulinda. Anayepunguza mazoezi ili kuokoa fedha anapaswa kuwa mwangalifu zaidi na aina ya bastola. Glock haina kitufe cha usalama cha kubonyezwa kwa gumba. Kinga yake ya kwanza ni nidhamu ya kidole, na nidhamu hiyo haiji bila kupiga risasi nyingi uwanjani. Kwa jeshi lenye mazoezi haba, ningechagua bastola yenye kitufe cha nje, hata ikiwa nzito kidogo.

Ghala nalo lina bei yake. Januari 2014 radi ilipiga ghala la silaha la jeshi huko Mbuji-Mayi na watu zaidi ya 20 wakafa. Anayeagiza risasi za miaka mitano kwa mkupuo ili apunguziwe bei anahamishia hatari hiyo kwa majirani wa kambi. Heri shehena ndogo za kila mwaka, zenye tarehe, zinazotumika kwa zamu.

Zitoke wapi? Tangu 2008 vikwazo vya Umoja wa Mataifa haviihusu serikali ya Kongo, na sharti la nchi zinazouza kutoa taarifa kabla ya kupeleka silaha huko liliondolewa Desemba 2022. Mwaka huo huo nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, Tanzania ina Mzinga pale Morogoro, na Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Kununua kwa jirani kunafupisha safari, ingawa vita vya mashariki vimeufanya ujirani wenyewe kuwa suala la siasa.

Kinachoniuma ni kilichoko karibu zaidi. Ganda la risasi ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki 30. Shaba inachimbwa Kolwezi, zinki inatoka Kipushi, na Likasi kuna AFRIDEX, kiwanda cha serikali kinachojua kazi ya vilipuzi, kwenye reli inayopanda hadi Kamina. Kongo inauza madini hayo kwa tani na kununua risasi kwa kasha. Mtambo wa risasi hauwezi kulishwa na oda za aina tatu kutoka jeshi lile lile. Unahitaji aina moja, kwa wingi, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo zabuni ijayo ya bastola ianze kwa kutaja 9x19 pekee, idadi ya risasi za mazoezi kwa kila ofisa, na tarehe ya kuondoa ghalani Tokarev na Makarov zilizobaki, kabla jina la kiwanda chochote cha bastola halijaandikwa.